Sahani Hairudi Tupu

Ilikuwa mwaka 2023, katikati ya majira ya baridi, wakati upepo wa Ziwa Mweru unapowauma wavuvi masikio na mboga za mabondeni zinapostawi kuliko wakati mwingine wowote. Asubuhi ya Alhamisi moja, Chouchou, ambaye jina lake la Kifaransa watu wote wa Nchelenge, upande wa Zambia, walilitamka Shushu, aliketi nyuma ya meza yake ya mboga karibu na ufuko wa mashua, akizinyunyizia maji kabichi zake na kuwaza jinsi ya kumwambia Octave kwamba anaondoka.

Hakuwa na hasira. Hasira huhitaji nguvu, na nguvu zake zilikwisha kutumika katika kungoja. Kwa miaka mitatu alikuwa amempenda mwanamume ambaye mama yake hakuwahi kulitamka jina la Chouchou hata mara moja. Kwa Mama Marthe, mchuuzi wa samaki wa Kisiwa cha Kilwa, Chouchou alikuwa "ule wa kambi" tu, kwa sababu alivuka kutoka Kongo akiwa msichana, akakulia katika kambi ya wakimbizi, na hakuwa na wazee wa kuketi mkekani siku ya posa. Sasa shangazi yake Pierrette, aliyekwisha kurudi Pweto, kule Kongo, na kufungua duka, alikuwa akimwita. "Ukizidi kungoja hapo utaota mizizi sawa muhogo," alimwambia kwa simu. Chouchou alikubali. Angesafiri Jumatatu.

Octave mwenyewe alikuwapo asubuhi hiyo, amejiegemeza kwenye gunia la kabichi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa akimpeleka mama yake Lusaka na kumrudisha: kwanza kukatwa titi lililoshikwa na saratani, kisha kutundikiwa dawa zilizomwondoa nywele kichwani na ladha ulimini.

"Ulikula?" Chouchou alimwuliza.

"Sijui."

"Mutu anaweza kukosa kujua kama alikula?"

"Mutu mwenye kuchoka anaweza."

Chouchou alimtazama. Octave naye alimtazama, na ndani ya mtazamo ule yalikuwamo maneno yote waliyokwisha kuambiana na kuyarudia mpaka yakachakaa kama kitenge cha kufulia. Chouchou alifungua kinywa ili aseme habari ya Jumatatu. Ndipo Boyd alipotokea mbio kutoka majini, suruali ameikunja hadi magotini.

Boyd alikuwa nahodha wa mashua iendayo visiwani, Mbemba wa papo hapo Nchelenge, ambaye Kiswahili alikijua cha kuuzia na kununulia tu.

"Shushu! We Shushu! Acha maji! Bamayo anaita wewe!"

"Bamayo nani?"

"Bamayo wa huyu, mama yake!" Alimnyoshea Octave kidole. "Asubuhi mi nawasha injini pale Kilwa, yeye anatoka nje, anashika ukuta ya nyumba yake. Anasema, 'Boyd, letea mimi Shushu.' Mi nasema, 'Ee mukwai.' Anarudia tena: 'Shushu.' Sauti kidogo, kidogo sana. Lakini mi nasikia."

Octave alisimama kwa ghafla. Gunia likaanguka na kabichi zikabingirika mchangani.

"Boyd, usicheze na mimi."

"Awe! Nicheze na bamayo mugonjwa?"

"Alisema jina?"

"Alisema jina! Simu yake iliisha moto, njo maana ametuma kinywa yangu."

Octave akacheka. Chouchou alikuwa amekisahau kicheko kile, kilichokuwa kikimwanzia mabegani kabla ya kufika kinywani. Akajikuta ameishika meza kwa mikono miwili.

"Alisema jina langu," alinong'ona.

Alikwenda akaoga, akavaa kitenge chake kizuri, kile cha harusi za watu wengine. Aliporudi, alimkuta Octave akiziokota kabichi.

"Tubebe kidogo?" Octave aliuliza.

"Mama mukwe ananiita mara ya kwanza, na mi nifike na gunia, ninuke matope sawa niko sokoni? Hapana, Octave. Leo naenda sawa mutu."

Basi kabichi zote zikabaki Nchelenge, hata jani moja halikupanda mashuani.

Njiani, maji yakiwarukia mapajani, Chouchou aliikumbuka sahani. Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu, aliyoachiwa na marehemu mama yake. Miaka mitatu iliyopita alikuwa ameijaza sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese, akaifunika kitambaa, akampelekea Mama Marthe siku Octave alipomtambulisha. Mama Marthe aliipokea kwa mikono miwili, kama ipasavyo. Akaiweka chini, wala hakuionja. Tena hakuirudisha. Na watu wa pande zile wanajua kwamba sahani iliyoletwa na chakula hairudi tupu. Kuirudisha tupu ni tusi. Kuirudisha imejaa ni kukubali. Mama Marthe hakutukana wala hakukubali. Aliikalia sahani, na Chouchou akakaliwa pamoja nayo.

"Octave," alisema, "Jumatatu nilikuwa niende Pweto. Kwa shangazi. Kukaa."

Octave aligeuka polepole. "Ulikuwa?"

"Nilikuwa."

"Na ungeniambia siku gani?"

"Leo. Boyd alinikatiza."

"Ningekufuata."

"Na mama?"

Octave aliyatazama maji. Hilo lilikuwa swali lililowachosha wote wawili. Aliushika mkono wa Chouchou, akauweka juu ya goti lake, akauacha pale mpaka mashua ilipogusa mchanga wa Kilwa.

Mama Marthe alikuwa ameketi juani mbele ya nyumba, amejifunika vitenge viwili, kilemba kimemkaa kichwani kama kofia ya mtu mwingine. Yule mwanamke mpana aliyekuwa akiwafokea wavuvi ufukweni, wakamtii, alikuwa amepungua hata kiti chake kilionekana kikubwa. Chouchou alipiga magoti, akapiga makofi kwa heshima.

Mama Marthe hakumtazama usoni. Alimtazama mikono. Kisha akatazama nyuma yake. Kisha mikono ya Octave. Kisha ya Boyd.

"Iko wapi?"

"Nini, mama?"

"Kile niliagiza."

"Ni mimi, mama. Nilikuya."

"Nani alikuita wewe?"

Octave alipiga hatua mbele. "Mama, ulituma Boyd alete Shushu."

"Shushu?" Mama Marthe alifumba macho. "Yesu wangu! Mi niliomba shu! Shu! Majani ya kula!"

Boyd alijikuna kisogo.

"Shu ni nini?"

"Njo ile ninyi munaita kabeji!"

"Kabeji!" Boyd alijishika kichwa. "Nomba, mayo, mbona hukusema kabeji? Injini inalia, we unasema shu, halafu tena shu. Shu na shu ni Shushu! Hata mwalimu wa hesabu atajumlisha vile!"

Ng'ambo ya ua wa matete jirani mmoja, Thelma, aliangua kicheko cha kukata mbavu. Mama Marthe hakucheka.

"Nilichoka," alisema. "Nilichoka hata kukasirika. Murudi kwenu."

Chouchou aliinuka na kujikung'uta mchanga magotini. Kule Nchelenge kabichi zake zilikuwa zikinyauka juani, naye amevuka ziwa mikono mitupu, amevaa kitenge cha sherehe, kumjibu mtu ambaye hakumwita. Aliona aibu, lakini hata aibu ilimjia kwa uchovu, kama mgeni afikaye nyumba imekwisha kujaa. Mashua ilikuwa hatua chache tu. Badala ya kuiendea, akauliza:

"Nani alikuambia ukule shu, mama?"

Mama Marthe alifumbua macho. Pengine alikuwa na jibu kali. Lakini watu wote walikuwa wakimwuliza habari za maumivu, wala hapakuwa na aliyemwuliza habari za chakula.

"Ule mama wa chakula, kule kwenye lopitalo ya Lusaka. Alisema nusu ya sahani iwe majani ya ukoo wa shu: shu yenyewe, na lepu, na ile ya Wachina, na ingine sawa maua ya kijani, jina yake ilinishinda."

"Njo inaponesha?" Boyd aliuliza kwa shauku.

"Nilimwuliza vile vile. Akasema, 'Hapana, mama. Majani haiponeshe kanseri. Dawa njo inapigana. Majani inasaidia mwili usimame wakati dawa inapigana. Usiache dawa juu ya shu.' Tena akasema nipunguze chumvi na samaki ya moshi." Alicheka kicheko kikavu. "Mi, Marthe, niliyelisha Nchelenge samaki ya moshi! Sasa hapa kisiwani nikule nini? Samaki, bukari, samaki. Octave alinipikia shu siku moja, akaichemsha mpaka ikaomba huruma. Harufu yake ilinitapisha mpaka asubuhi."

Octave aliinamisha kichwa. "Nilifanya sawa nilivyoweza."

"Ulifunika sufuria?" Chouchou alimwuliza.

"Nani hafunike sufuria?"

Chouchou alikikunja kitenge chake kizuri hadi magotini, akakifunga fundo, akaenda kwa Thelma.

Mchanga wa kisiwa kile hauoteshi kitu kwa hiari. Hata hivyo, nyuma ya nyumba ya Thelma palikuwa na mtumbwi mkuukuu uliopasuka, umejazwa udongo na matumbo ya samaki yaliyooza, na ndani yake lepu, ile mboga ya jamii ya sukuma wiki, ilikuwa imesimama, majani mapana ya kijani cha buluu, kama abiria wanaongojea safari. Thelma alimpokea akiyafuta machozi ya kicheko.

"Karibu, Kabeji!"

"Asante, mayo. Naomba majani kidogo. Si ya mimi."

"Najua si ya wewe. Kisiwa kizima kinajua." Thelma alimwangalia kitenge kilichofungwa fundo, matope yakianza kumpanda miguuni. "Yeye anasema we si kitu, na we unaomba majani kwa ajili yake?"

"Ana njaa, mayo."

Thelma hakucheka tena. "Chuma. Chukua ile midogo ya katikati, njo laini. Na ndimu iko pale."

Chouchou alirudi, akalihamisha jiko kutoka jikoni mpaka uwanjani, upande ambao upepo ulitoka nyumbani kwenda ziwani. Octave alichuchumaa kupuliza makaa. Mikono yao ilikutana juu ya kuni moja, na hakuna aliyeuondoa wake upesi.

"Nisamehe," Octave alisema. "Nilikuleta kwa furaha ya bule."

"Hukunileta. Nililetwa na shu."

"Shushu."

"Usiniite vile sasa. Nitalia, na kuni itazimika."

Alizikata mboga nyembamba kama nyuzi. Akatia kitunguu, maji ya kulowesha sufuria tu, na karanga kidogo zilizotwangwa. Sufuria akaiacha wazi, na upepo ukaichukua harufu yote ukaipeleka kwa samaki. Kabla majani hayajapoteza ukijani wake, aliyaepua, akayakamulia ndimu. Hakukuwa na sahani karibu, akapakua katika kibakuli cha plastiki cha Octave.

Mama Marthe alikiangalia kibakuli kama mtu aangaliavyo mlima anaotakiwa kuupanda. Akaonja. Akangoja, mkono kifuani, mahali palipokuwa na titi. Wote walingoja pamoja naye; hata Boyd aliacha kutafuna. Chakula hakikurudi. Akachukua tonge jingine.

"Chumvi iko wapi?"

"Walisema upunguze, mama."

"Kupunguza haina kufukuza," Mama Marthe alisema, akaendelea kula. Alikula polepole, akipumzika kati ya tonge na tonge kama mpanda ngazi, mpaka kibakuli kikabaki na maji ya ndimu tu. Kisha akaingia ndani akalala, bila neno la asante wala la kwaheri.

Alasiri upepo ulichafuka, Boyd akakataa kusafiri. Chouchou akalala kwa Thelma. Kulipopambazuka, ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya majivu, na Octave alimsindikiza ufukweni. Walitembea kama watu wanaotoka mazishini.

"Jumatatu?" Octave aliuliza hatimaye.

"Jumatatu."

"Lakini alikula! Shushu, miezi mingi sijamwona mama anamaliza kibakuli."

"Alikula, na nilifurahi. Kweli kabisa. Lakini mi sikuitwa, Octave. Iliyoitwa ni kabichi." Alimgusa shavu, mahali ndevu za uchovu zilipoanza kuota. "Nitamwachia Boyd mboga zangu zote akuletee. Usifunike sufuria."

Macho ya Octave yalipita juu ya bega la Chouchou na kuganda hapo.

Mama Marthe alikuwa akishuka ufukweni. Tangu arudi kutoka Lusaka hakuwahi kwenda mbali kuliko ua wake. Sasa alikuja, hatua na pumziko, hatua na pumziko, ameshika kitu kilichofunikwa kitambaa. Octave alikimbia kumsaidia.

"Usiniguse. Nikianguka, nianguke na heshima yangu."

Alifika mbele ya Chouchou akihema. Alifunua kitambaa. Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Juu yake palikuwa na bukari, ugali wa moto, na samaki wa kuchemsha, na kando, nusu nzima ya sahani, lepu iliyokatwa nyembamba kama nyuzi.

"Nani alipika, mama?" Octave aliuliza kwa mshangao.

"Nani ana mikono hapa? Thelma alinipa majani kabla ya jua." Kisha akamgeukia Chouchou, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. "Sahani hii ilikaa kwangu, ikinitazama kila siku. Kuirudisha bule, niliona haya. Kuirudisha na chakula, ningekuwa nadanganya, maana moyo ulikuwa haujakubali. Nilisema hauna wazee. Halafu nikagonjwa. Wazee wangu mi walikuya wote. Mumoja aliuliza mashua itabaki kwa nani. Mungine aliuliza nyumba. Hakuna aliyeuliza nilikula nini." Alipumzika kidogo, akaendelea. "Njo wewe uliuliza. Na nilikuwa nimekufukuza."

"Mama, hukunifukuza. Ulichoka."

"Nilikufukuza, tena nilichoka. Vyote viwili. Shika sahani yako, Shushu."

Hapakuwa na injini iliyolia wala mtu wa kulisikia vibaya jina hilo. Chouchou alipiga magoti mchangani, akaipokea sahani kwa mikono miwili.

Boyd alikohoa. "Mayo, safari ijayo nilete nini? Mi naomba useme Kibemba."

"Leta kabeji," alisema Mama Marthe. "Na mutu wa kuipika. Sahani ile hairudi hapa tupu."

"Jumatatu?" Octave aliuliza.

"Jumatatu nina sahani ya kurudisha," Chouchou alijibu bila kumtazama, kwa maana angemtazama angelia. "Shangazi atangoja. Naye ajue uchungu wa kungoja."

Alikaa ukingoni mwa mashua, akamega tonge, akachovya kwenye mboga, akala. Chumvi ilikuwa nyingi kupita kiasi, chumvi ya mpishi ambaye dawa zimemwibia ulimi, iliyomwuma Chouchou mpaka mashavuni. Hakukunja uso. Mama Marthe alikuwa amesimama pale pale, ameshikilia mkono wa mwanawe sasa, akitazama kila tonge linavyoingia.

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri, mama."

Octave alinyosha mkono amege kidogo. Chouchou aliupiga kofi.

"Acha! Hii si yako. Nilingoja deni miaka mitatu, niachie nilipwe."

Akaila yote, mpaka ukingo wa buluu ukaonekana pande zote.